Picha ya Mzee Bawaba

Baba yangu alikuwa fundi milango. Vitanda na makabati aliwaachia maseremala wengine. Yeye alichonga milango, akaitundika, akaitia vitasa, na kila alipomaliza mmoja aliusukuma kwa kidole kimoja tu. Mlango ukienda wenyewe mpaka ukajifunga bila kelele, alimgeukia mwenye nyumba na kusema, "Haya, mimi nimemaliza. Sasa kazi kwako kuutunza." Mtaa mzima ulimwita Mzee Bawaba. Wapo waliomfahamu miaka thelathini bila kujua kama ana jina jingine.

Ugonjwa wake ulianzia kazini. Alimwekea mama mmoja mwenye duka la vitambaa kitasa cha stoo kinyumenyume, kitufe cha kufungia kikawa nje badala ya ndani. Mtoto wa mteja alikibonyeza kwa mchezo, na mwenye duka akakaa humo karibu saa nzima akigonga na kupiga kelele, funguo ziko kwenye mkoba kaunta. Mtaa ulicheka wiki nzima. Baba naye alicheka, akasema alitaka kuona kama wateja wanampenda kweli. Lakini jioni nilimkuta uani amekipakata kile kitasa, anakigeuza huku na huku, na usoni hana kicheko hata chembe.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki huwa kinaanzia upande gani?"

Baada ya hapo mambo yakaenda mteremko. Alikwenda kupima mlango uleule mara tatu kwa siku moja. Randa ilitafutwa siku mbili, ikaonekana ndani ya ndoo ya unga. Mimi akaanza kuniita kwa jina la shangazi yangu, dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa. Tulipompeleka hospitali, muuguzi wa kliniki ya wazee alituita chumbani kwake mama, kaka na mimi, akafunga dirisha ili tusisikilizwe na waliokuwa kwenye foleni.

"Huu si uzee tu," alisema. "Ni demensia, ugonjwa wa kusahau. Ubongo unakufa kidogo kidogo."

"Dawa?" kaka akauliza.

"Za kumtuliza zipo. Za kurudisha kilichokwisha kwenda, hakuna."

Tulipotoka nje kaka alitusimamisha kivulini, kando ya mahali pa kuegesha magari. Kaka yangu ni mwalimu mkuu, na hata akiongea na watu wawili husimama kama yuko mbele ya shule nzima. "Hili litabaki ndani ya nyumba," alisema. "Watu tutawaambia amestaafu. Basi."

Mama aliangalia ndala zake.

Naomba lieleweke mapema kwamba kaka si mtu mbaya. Pale shuleni kwake alikuwepo mwalimu ambaye mama yake mzazi aliugua hivyohivyo, akawa anaongea peke yake na kuzunguka nyumba za watu. Wakamwita mchawi. Bati la nyumba yake lilipigwa mawe mpaka likatoboka, na yule mwalimu akaomba uhamisho. Kaka aliyaona hayo kwa macho yake. Kuficha kwake kulitokana na hofu, na ile hofu ilikuwa na sababu.

Mimi nina studio ya picha, chumba kimoja chenye pazia jeupe, kigoda, na taa mbili zenye miavuli. Napiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za vyeti. Kwa ufupi, kazi yangu kutwa nzima ni kuwakataza watu kucheka. Miezi kama minane baada ya siku ile, muuguzi wa kliniki aliingia akitaka picha nne za pasipoti. Nilipokuwa nazikata akaniambia ana jambo.

"Nataka wagonjwa wangu wapigwe picha. Picha kubwa, nzuri, za heshima. Tuzitundike kliniki na kwenye ukuta wa soko, kila moja na maelezo yake. Watu wanawaona hawa wazee wakizunguka, wanadhani wamelewa, au wamerogwa, au wao ndio wanaroga. Mtu akishaiona sura na kusoma kuwa huu ni ugonjwa, labda siku nyingine atauzuia mkono wake."

"Na wenyewe wakikataa?"

"Wakikataa, basi. Hata kama watoto wamekubali. Utamuuliza mgonjwa mwenyewe, na utamuuliza kila akija, kwa sababu jana yake ameisahau."

Nilikubali hapohapo, na niseme kweli, niliifurahia ile kazi kuliko yoyote niliyowahi kuifanya. Alikuja bibi mmoja aliyekuwa karani wa posta. Akazikuta picha za wateja mezani, akazipanga zote kwa ukubwa kabla hajakubali kukaa. Alikuja dereva mstaafu wa lori, akakaa kwenye kigoda akanikazia macho. "Dada, funga mkanda," akasema, na hakutulia mpaka nilipojipitisha kamba ya kamera kifuani. Mshonaji mmoja alikataa siku mbili, siku ya tatu akakubali kwa sharti kwamba nimpige mikono peke yake. Nikampiga mikono.

Kazi ngumu ilikuwa kwa watoto wao. Yupo kijana wa yule dereva aliyenijia studio amekunja uso, anaogopa watu watasema nini. Nilimwambia, "Kaka, ukimficha, siku akipotea nani atamtambua?" Maneno hayo nilikuwa nimeyasikia kwa muuguzi, lakini niliyatoa kama yangu. Kijana akatia saini karatasi ya ruhusa.

Wakati naongea hivyo, baba yangu alikuwa nyumbani, amefichwa.

Ila na yeye nilimpiga. Asubuhi moja mama alikuwa na miadi ya jino, akaniachia baba studio. Alikagua mlango wangu kwanza, akaridhika nao, kisha akakaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Siku hiyo hakunijua kabisa.

"Mzee wangu, nikupige picha?" nikamuuliza.

"Ya pasipoti?"

"Hapana. Ya kuwaonyesha watu."

"Kwani nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Wakuone tu, wakujue."

Akawaza. "Basi hii naruhusiwa kucheka?"

"Hii unaruhusiwa."

Alicheka mpaka pengo likaonekana. Nilipiga kumi na moja. Katika zile, moja ilimtoa yeye mwenyewe kabisa: kichwa kimeinama kidogo upande wa kushoto kama alivyozoea kuangalia kama fremu imenyooka, mikono magotini, na macho yanakudai na wewe ucheke.

Nilimpelekea kaka ile picha kwa nia njema. Alikuwa kwa mama, amekaa sebuleni anasahihisha mitihani. Aliiangalia muda mrefu, na nikadhani nimemshinda.

"Nani amekuruhusu?"

"Yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe! Jana kaniita mimi mkaguzi wa majengo, kaniomba nisimfungie karakana. Mtu huyo ndiye amekupa ruhusa?"

"Kaka, watu wakijua..."

"Watu wakijua watakuja kumchungulia dirishani. Unataka kumwanika baba kama nguo kwenye kamba ili upate sifa za picha? Hao wengine wana watoto wao, waamue wao. Huyu hapana."

Nilimtazama mama. Alikuwa anamvisha baba soksi, na soksi ile ilimchukua muda kuliko inavyostahili. Nikafyata mkia. Picha nikaiacha kwenye kompyuta, na kazi za wengine nikaendelea nazo.

Tulizitundika picha sita kwenye ukuta wa soko siku ya Jumamosi. Watu walijaa. Wengine walicheka, wengine walisoma maelezo kwa sauti, na mama mmoja muuza mkaa alisimama mbele ya bibi wa posta akalia, maana bibi huyo ndiye aliyekuwa akimwandikia barua za kwenda kwa mumewe aliyekuwa mbali. Muuguzi aliongea kwa kipaza sauti kilichokuwa kinakoroma. Kisha mtu mmoja, sijui ni wa redio au mpita njia tu, akanigeukia.

"Na wewe dada, una mgonjwa wa namna hii nyumbani?"

"Hapana," nikasema.

Muuguzi alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Aliinamia karatasi zake.

Wakati huo baba alikuwa ameanza kutoka nyumbani peke yake. Mara ya kwanza alikutwa mwisho wa barabara, mara ya pili karibu na shule. Kaka akanunua kitasa kipya, kizito, cha funguo mbili, akamleta fundi kijana kukiweka mlango wa mbele. Baba alisimama pembeni anamwelekeza: punguza hapo, usiikaze sana hiyo skrubu. Yule kijana alimshukuru. Hakujua kwamba anamsaidia mzee kujifungia.

Siku ya Jumatano, kama saa nne asubuhi, mama alikuwa uani anafua. Simu yangu ikaita.

"Mlango umetoka," mama alisema.

"Umetoka vipi?"

"Umetoka, mwanangu. Baba yako hayupo."

Kitasa kilikuwa palepale, kimefungwa vizuri, funguo zote mbili ziko kwa mama. Baba hakukigusa. Alikuwa amechomoa pini za bawaba kwa mpini wa kijiko, akaunyanyua mlango mzima, akauegemeza ukutani kwa upole, na pini zote tatu akazipanga kwenye kisosi ili zisipotee. Kumfungia fundi wa milango ndani kwa kitasa! Hata leo nikikumbuka sijui kama nicheke au nifanye nini.

Nilifunga studio nikatoka mbio. Niliuliza kwa muuza magazeti, kwa mshona viatu, kwa wanawake wa bombani. Hakuna aliyemwona. Nilikuwa karibu na soko niliposikia zile kelele za mwizi, na kila mtu anayezijua atakubali kwamba hazifanani na kelele nyingine. Mshona viatu alinipita anakimbia. Nikamfuata.

Mambo yalivyokuwa niliyajua baadaye. Mtaa wa tatu nyuma ya soko ipo nyumba yenye geti la kijani. Milango yake yote baba aliitundika mwaka nilioanza shule. Mwenye nyumba alishahama, akapangisha. Aliyekuwa anaishi pale alikuwa mama kijana, mgeni wa miezi mitatu. Alikuwa amemlaza mtoto, akaenda kuoga, geti halikufungwa. Alipotoka alimkuta mzee amepiga magoti mlangoni pa chumba alimolala mtoto, ana bisibisi mkononi, na mlango umekwisha kulegea upande wa juu.

Baba alimwambia, "Usiogope, mama. Huu unakwaruza sakafu, naunyanyua kidogo."

Yule mama hakungoja kusikia. Alipiga yowe la mwizi, na mwenye kumlaumu akae kwanza mahali pake.

Nilipofika, mshona viatu alikuwa amemlalia baba juu, amemfunika kwa mwili wake, anapiga kelele, "Ni Mzee Bawaba! Acheni! Ni Mzee Bawaba!" Wale watu walikuwa wanarudi nyuma mmoja mmoja. Wengi niliwafahamu. Mmoja nilimpiga picha ya kitambulisho mwezi uliotangulia. Mwingine alilala kila siku nyuma ya mlango uliochongwa na baba. Walikuwa wanashangaa kwa kweli, hawakuigiza. Wote walimjua Mzee Bawaba, na wote walijua kwamba amestaafu na anapumzika kwake. Ndivyo tulivyowaambia. Damu ilikuwa imeujaza uso wake, na katika hali ile hata mimi ningechelewa kumtambua.

Kutoka geti lile mpaka ukuta wa soko, mahali zilipokuwa picha zangu sita, ni hatua kama mia.

Alivunjwa mbavu mbili, mkono wa kulia na vidole vitatu vya mkono huohuo. Alishonwa kichwani nyuzi kumi na nne. Daktari kijana alituuliza imekuwaje, na kaka, shati limetoka nje ya suruali kwa mara ya kwanza maishani mwake, akasema, "Ameanguka bafuni."

"Ameanguka?" Hiyo ilikuwa sauti ya mama, na sikuwahi kuisikia ikipanda hivyo. "Nani kamwona akianguka?"

"Mama, tafadhali, hapa kuna watu."

"Ndiyo, kuna watu! Miaka miwili nimenyamaza kwa sababu wewe ulisema ninyamaze. Jirani wakiniuliza nasema mzee amelala. Nimesema amelala mpaka wamemvunja mkono." Akamgeukia daktari. "Mume wangu amepigwa na majirani zetu. Anaumwa ugonjwa wa kusahau. Andika hivyo, mwanangu. Andika yote mawili."

Kaka alitoka nje ya wodi. Nilimwona kupitia dirisha, amesimama na uso ukutani kama mwanafunzi aliyepewa adhabu. Sikumfuata. Na mimi nilikuwa na langu la kujibu.

Siku ya nne mama aliniambia, "Lete kamera."

"Ya nini, mama?"

"Mpige alivyo. Na hizo nyuzi. Watu waone walichokifanya."

Sikutaka, lakini safari hii sikuwa na uso wa kumkatalia. Nilileta kamera bila taa. Baba alikuwa ameinuliwa kwenye mito. Nilimuuliza kama kawaida, "Mzee wangu, nikupige picha?" Neno "nikupige" lilipotoka tu aliunyanyua ule mkono mzima akajikinga kichwa, akajikunja upande wa ukuta, akasema, "Ninaondoka, jamani, ninaondoka." Hakuwa anakumbuka lolote, ukimuuliza mkono umefanyaje alikwambia amejigonga na nyundo. Lakini mwili wake ulikuwa unakumbuka. Nilirudisha kamera kwenye mfuko. Mama aliketi kitandani akamshika bega, na hakuniambia tena nimpige.

Sijawahi kulisema tena neno hilo kwa mgonjwa. Siku hizi nasema, "Nikutoe picha?" Mtu mwingine anaweza kuona ni jambo dogo.

Basi nikachapisha ile ya studio, akiwa anacheka. Mama ndiye aliyetunga maelezo, nami niliyaandika alivyoyasema bila kuongeza nukta: "Huyu ni mume wangu, Mzee Bawaba. Amewatengenezea milango. Anaumwa ugonjwa wa kusahau, na sisi nyumbani tulimficha. Jumatano ile alikuja kurekebisha mlango, mkampiga. Ukimwona mzee amepotea, muulize kwanza. Ukitaka kujua zaidi nipigie." Chini tukaweka namba yake ya simu.

Niliitundika mwenyewe, ya saba, mwisho wa mstari. Siku ile hakukuwa na kipaza sauti wala umati. Watu walipita, wakasoma, wakaendelea na safari huku wameinamisha vichwa. Wapo waliobadilisha njia wasipite pale. Najua, kwa sababu studio yangu inatazama barabara ya pili na niliwaona wakizunguka. Polisi walikuja wakahoji. Kila mtu alikuwa amefika wakati mambo yameshakwisha. Hakuna aliyekamatwa mpaka leo.

Baba alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, na kilichonivunja moyo ni hiki: akaanza kuogopa milango. Mtu akigonga, alijikunja. Mlango ukifunguliwa ghafla, alilia. Tulilazimika kuondoa ule wa chumbani kwake, tukatundika pazia, na hata pazia likipeperuka alishtuka.

Kwa hiyo yule mama kijana alipokuja, hakuweza kuingia. Alikuwa na mtoto mgongoni. Mama alimtolea kiti nje, wakakaa barazani, nami nikasimama kando.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba."

Mtoto alikuwa anavuta mkufu wa mama yake.

"Nilizipita zile picha kila siku nikienda sokoni," alisema hatimaye. "Nilizisoma. Yule dereva, yule bibi... nawafahamu wote kwa sura. Siku ile ningeiona na ya mzee pale, Mungu ananisikia, nisingepiga yowe. Ningemwita kwa jina."

Mama alimwangalia. "Najua," alisema. "Hilo kosa ni letu."

"Lakini mimi ndiye niliyepiga yowe."

"Ndiyo. Wewe ndiye uliyepiga."

Nilitegemea mama angemwambia amemsamehe, maana ndivyo watu wanavyofanya. Hakusema. Alimmiminia chai, wakanywa, yule dada akaaga akaenda. Nilipomuuliza mama kwa nini, alinijibu huku akiosha vikombe. "Siku nikiwa na msamaha nitampa. Leo sina."

Simu zilikuwa zikiingia. Wa kwanza kupiga alikuwa anauza dawa ya mizizi. Wa pili alitaka kuja kutoa pepo. Wapo vijana waliopiga kwa mzaha, wakaomba fundi wa kutengeneza kichwa. Mama aliwasikiliza wote mpaka mwisho, akakata. Halafu wakaanza wale wengine: mtu anaongea kwa sauti ya chini, pengine amejifungia chooni asisikike, anasema, "Mama, na wangu yuko hivyohivyo." Hao aliongea nao mpaka chaji ikaisha.

Baba alidumu wiki tisa tangu apigwe. Mbavu zilimfanya asiweze kukohoa, mapafu yakajaa, homa ikapanda. Alifariki mchana, mama akiwa amemshika ule mkono mzima. Siku mbili za mwisho hakusema chochote tulichokielewa.

Siku ya mazishi watu walijaa mpaka barabarani, na baadhi yao walikuwemo siku ile kwenye geti la kijani. Kaka alisimama kusoma wasifu. Alisoma vizuri, kama kawaida yake: mwaka aliozaliwa, kazi aliyoifanya, watoto aliowaacha. Akafika mwisho. "Marehemu alifikwa na umauti baada ya kuugua kwa muda mfupi..."

"Si muda mfupi," mama alisema kutoka pale alipokaa.

Watu wakageuka. Kaka alishika ile karatasi kwa mikono yote miwili. Nilidhani ataendelea kusoma kana kwamba hakusikia, maana yeye ni mtu wa ratiba. Badala yake aliikunja karatasi.

"Si muda mfupi," alisema. "Baba aliugua ugonjwa wa kusahau miaka miwili na nusu. Mimi ndiye niliyesema afichwe. Niliona aibu. Mlimpiga, na sisi tulikuwa hatujawaambia." Akasimama anatafuta neno la kumalizia, akalikosa, akakaa.

Mahali fulani nyuma mwanaume mmoja alianza kulia kwa sauti, sikugeuka kumwangalia ni nani.

Mwaka tangu tumzike unakwenda kwisha sasa. Muuguzi ananiambia kliniki yake ina foleni ndefu kuliko zamani, na watu wanaleta wazee wao mapema, kabla hawajaanza kupotea. Alidhani habari hiyo itamfurahisha mama. Mama aliipokea, akasema, "Vizuri," akaendelea kukunja nguo. Picha ya baba ilianza kupauka kwa jua, nikamuuliza kama niishushe, naye akasema niichapishe upya. Nimeichapisha mara mbili.

Na kaka bado hatuongei kama zamani. Kuna maneno ya sebuleni siku ile ambayo hayajafutika, na kuna "hapana" yangu mbele ya ukuta wa soko, ambayo nimemwambia yeye peke yake. Lakini Jumanne iliyopita alikuja studio amemshika mkono mwalimu mstaafu, aliyemfundisha yeye hesabu darasa la tano. Yule mzee alikuwa anamkaripia njia nzima kwa kuchelewa vipindi, na kaka alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mwalimu. Samahani, mwalimu." Alimketisha kwenye kigoda, akapiga magoti akamfunga kamba za viatu, kisha akasogea nyuma ya taa ili asionekane.

"Muulize kwanza," akaniambia.

Nikamuuliza. Yule mzee alifikiri, akasema leo hapana, hajachana nywele. Kaka akasema hakuna shida, watarudi kesho, na kesho yake wakarudi.